Safari ya Temeke na Kinondoni, na Ugomvi wa Wana wa Ibrahimu

Mwezi huu twataka kuwapa habari ya safari fupi. Si safari ya merikebu, wala si ya siku nyingi. Ni mwendo wa kutoka Temeke mpaka Kinondoni, asubuhi moja katika daladala mbili, nasi hatukutoka nje ya Dar es Salaam. Walakini tuliporudi tulijiona tumetoka mbali sana, maana tulikwenda na mzee tuliyekuwa tumemkosea, tukarudi naye tumepatana. Na neno lililotukosanisha halikuwa mpaka wa kiwanja, wala deni, wala kuku aliyeparua bustani. Lilikuwa ni ugomvi wa Waislamu na Wayahudi.

Labda mtu atauliza, Ugomvi huo una nini na Temeke? Kweli, katika mtaa wetu hakuna hata Myahudi mmoja. Nyumba yetu i katikati ya nyumba za Waislamu, na ukuta wa ua wetu upande wa mashariki ndio ukuta wa Maalim, mzee aliyefundisha watoto chuoni tangu kabla sisi hatujaoa. Alfajiri twaamshwa na adhana ya msikiti wao, nao Jumapili waisikia kengele yetu. Mwezi wa Ramadhani sahani ya tambi na kaimati huvuka ukuta kuja kwetu; siku ya Krismasi sahani ya pilau huvuka kwenda kwao, na kuku wake amechinjwa na mwana wa Maalim mwenyewe, ili wale pasipo shaka. Ndivyo tulivyokaa miaka mingi.

Hata ukafika mwezi wa Oktoba 2023. Tarehe 7 ya mwezi huo watu wa Hamas walitoka Gaza wakaingia Israeli, wakaua watu wapata 1,200, wakachukua mateka 251. Na vita vilivyofuata viliua watu wengi mno wa Gaza. Kwa hesabu ya wizara ya afya ya huko walikuwa wamepita 60,000 kabla ya mapatano ya kusimamisha vita ya Oktoba 2025. Habari za siku ya kwanza zilifika Temeke kwa simu za mkononi siku ile ile. Halikupita juma moja, tukaona vijana wa bodaboda kituoni wamejigawa: huyu amebandika bendera ya Palestina, na yule bendera ya Israeli yenye nyota ya Daudi, nao wote wawili walizaliwa mtaa mmoja, na kila asubuhi hunywa chai kwa mama mmoja. Baadhi ya vijana wa kanisa walidhani ya kuwa kila ashikaye Biblia imempasa kushangilia kila bomu. Na baadhi ya vijana wa chuo walidhani ya kuwa kila Myahudi, tangu siku za Musa hata leo, ni adui wa Mungu.

Hapa twaungama kosa letu mbele yenu, maana walimu wengi husoma kurasa hizi. Jumamosi moja tuliwafundisha wanaojiandaa kwa ubatizo habari za Sara na Hajiri, tukateleza ulimi. Tulisema ya kwamba wana wa Ishmaeli ni watu wa vita tangu tumboni mwa mama zao, na ya kwamba mambo ya Gaza yalikwisha kuandikwa zamani. Hatukufikiri. Neno lile tulilipokea kwa wengine, nasi tukalitoa kama mtu atoavyo sarafu mbovu asiyoitazama. Mtoto mmoja alilichukua mpaka bombani, na huko likazidi ukubwa, akamwambia mjukuu wa Maalim, "Mwalimu wetu asema ninyi mmelaaniwa." Jioni mjukuu akamweleza babu yake.

Tangu siku ile Maalim aliitikia salamu zetu, maana kutoitikia salamu ni kosa kwake, lakini hakuongeza neno. Ramadhani ikaja mwezi wa Machi, na sahani haikuvuka ukuta. Watoto wetu walingoja siku ya kwanza, wakangoja ya pili, kisha wakaacha kungoja. Ndipo mama watoto akatuambia, "Baba Yohana, kila Jumapili wawafundisha watu kupatana. Na ukuta huu je?" Hatukuwa na jibu.

Baada ya Idi tulikwenda kwake. "Shikamoo, Maalim." "Marahaba, Mwalimu. Karibu." Tukaketi barazani, tukamweleza neno tulilolinena, na mahali tulipolinenea, pasipo kulifunika, tukamwomba radhi. Alinyamaza kitambo, akichezesha tasbihi vidoleni. Kisha akasema, "Kesho nakwenda Kinondoni kumtazama dada yangu, miguu yamsumbua. Nami macho yangu siku hizi hayasomi vizuri vibao vya magari. Nisindikize, Mwalimu. Njiani tutazungumza."

Basi asubuhi tulipanda daladala, tukashika barabara ya Kilwa. Upande huo wa Temeke wajulikana na wengi kwa viwanja vya Sabasaba, na magari ya Mbagala yaliyojaa watu hata mlangoni, na wachuuzi wa maji na karanga wakimbiao kando ya madirisha. Tulipofika Mgulani, penye kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa, Maalim alinyosha kidole, akauliza, "Wajua ni nani waliosaidia kulianzisha jeshi hili?" Tulijua kwa kusoma, naye alijua kwa kuona. JKT lilianzishwa tarehe 10 Julai 1963, na Israeli ilikuwa miongoni mwa nchi zilizosaidia kulipanga na kufundisha viongozi wake, kwa sababu huko kwao vijana walikuwa na desturi ya kujifunza silaha na jembe pamoja.

"Kaka yangu aliingia miaka ile ya mwanzo," akasema Maalim. "Alikuwa Mwislamu wa sala tano. Aliporudi likizo alitueleza habari za Myahudi mmoja aliyemfundisha kupanda miche. Alisema mtu yule alikuwa mkali kama pilipili, lakini mwezi wa Ramadhani hakuweza kula mchana mbele ya waliofunga. Alijitenga nyuma ya ghala. Kaka yangu alimkumbuka mpaka alipokufa. Hakusema, Myahudi wangu ni mwema na wengine wabaya. Alisema tu, Nilimjua mtu."

Tukanyamaza. Gari likafika kituo cha Bendera Tatu, na kondakta akalitaja jina kwa sauti kuu. Maalim akacheka, mara ya kwanza tangu miezi mingi tusikie kicheko chake. Akasema, "Bendera mbili zimetushinda kule mtaani, na huyu atuletea tatu."

Kariakoo tulibadili gari, na katika bonde la Jangwani tukakwama, magari mbele na magari nyuma. Hapo Maalim akauliza, "Mwalimu, wewe wadhani ugomvi huu ulianza lini?" Tukasema ya kuwa watu wengi husema ulianza katika hema ya Ibrahimu. Akatikisa kichwa. Akasema, "Hivyo ndivyo asemavyo mtu asiyetaka kuutafutia dawa. Kitu kilichoanza tumboni hakina dawa. Lakini kitu kilichoanza kwa watu, watu waweza kukitengeneza."

Kisha akatueleza kwa taratibu, kama afundishavyo chuoni. Mtume wao alipohamia Madina mwaka 622 aliwakuta Wayahudi wamekaa pale, wakafanya mapatano, na katika mapatano hayo makabila ya Wayahudi yalihesabiwa pamoja na watu wa mji, kila watu na dini yao. Baadaye pakawa na vita na shuku. Kabila mbili zilifukuzwa, na wanaume wa kabila ya tatu, Banu Kuraidha, wakauawa. Maalim hakulificha jambo hilo, nasi tukamheshimu kwa kutolificha. Baada ya hapo, kwa muda wa karne nyingi, Wayahudi walikaa chini ya wafalme wa Kiislamu toka Hispania mpaka Yemeni na Uajemi. Walitoa jizya, wala hawakuwa sawa na Waislamu mbele ya sheria. Walakini walilindwa, wakawa na masinagogi yao, wakafanya biashara.

Sisi nasi tukamweleza habari za Musa bin Maimuni, mwalimu mkubwa wa Wayahudi aliyefariki mwaka 1204. Alizaliwa Kordoba, akakimbia watawala Waislamu wakali waliowashurutisha Wayahudi kubadili dini, na mwisho alipata raha Misri, katika nchi ya Waislamu wengine, akawa tabibu wa wakuu wa nyumba ya Saladini. Vitabu vyake vingi aliviandika kwa Kiarabu, kwa herufi za Kiebrania. Ndugu yake Daudi alikuwa mfanya biashara, akazama na mali yake katika Bahari ya Hindi, bahari ii hii ioshayo mchanga wa Msasani. Na Ibrahimu mwana wa Musa, aliyekuwa mkuu wa Wayahudi wa Misri, alizipenda desturi za masufii katika kuomba, akaziingiza katika ibada za watu wake.

"Umeona?" akasema Maalim. "Mtu mmoja, na Waislamu wa namna mbili. Hawa walimfukuza, na hawa walimpa kazi ya kuwaponya. Sasa ukisema Waislamu na Wayahudi, wasema habari za wepi?"

Tukaongeza mabaya na mema, ili mizani isilale upande mmoja. Mwaka 1066 huko Granada umati wa Waislamu uliwaua Wayahudi wengi wa mji. Lakini mwaka 1492 Wayahudi walipofukuzwa Hispania yote, Sultani Bayazidi wa Pili wa Waturuki aliwafungulia miji yake, wakaingia Salonika na Istanbuli kwa maelfu. Hapo Maalim akatugeukia, akauliza kwa upole, "Na huyo mfalme aliyewafukuza Hispania, dini yake ilikuwa gani?"

Ndugu wasomaji, swali hilo lilitupata barabara. Mfalme Ferdinando na malkia wake Isabela walikuwa Wakristo. Na wale Wayahudi 6,000,000 waliouawa na serikali ya Hitler katika vita kuu ya pili, hawakuuawa katika nchi za Waarabu. Waliuawa Ulaya, katika nchi zenye makanisa kila mji. Katika siku hizo hizo za giza Waislamu wengi wa Albania waliwaficha Wayahudi majumbani mwao, wakiwavika nguo zao na kuwapa majina yao, kwa sababu kwao kumtoa mgeni ni aibu kubwa. Basi sisi Wakristo tunapousimulia ugomvi wa Waislamu na Wayahudi tusijikalishe juu ya ukuta kama watazamaji wasio na doa. Tumo katika hadithi hiyo, tena mahali pengine tumo mahali pabaya kuliko wote.

Hata ugomvi wa siku hizi una mwanzo ujulikanao. Mwaka 1917 serikali ya Uingereza iliwaahidi Wayahudi makao ya taifa katika Palestina, nchi iliyokuwa na wenyeji wake Waarabu, Waislamu kwa Wakristo. Mwaka 1948 dola ya Israeli ikatangazwa, na vita ikawaka. Wapalestina zaidi ya 700,000 walikimbia au walifukuzwa, na wengi waliondoka na funguo za nyumba zao mikononi. Na katika miaka iliyofuata Wayahudi mamia ya maelfu wa Iraki, Yemeni, Misri, Libya na Moroko waliiacha miji ambayo mababu zao walikaa humo, mingine tangu kabla ya Uislamu. Hivyo watu wawili wamekalia uchungu mmoja, uchungu wa nyumba iliyopotea, na kila mmoja asikia wa kwake tu. Ni habari ya ardhi na hofu, si ya damu ya Ishmaeli. Tulipokwisha kuyasema hayo, tuliona jinsi somo letu la Jumamosi ile lilivyokuwa jepesi kama pumba.

Gari likaenda tena, likapita Magomeni, likaingia barabara ya Kawawa. Barabara hiyo ina jina la Rashidi Kawawa, Mwislamu, aliyefanya kazi miaka mingi chini ya Mkristo, Mwalimu Nyerere; wala hatukupata kusikia mtu akiuliza habari ya dini zao wawili alipokuwa akingoja gari hapo. Serikali yao ndiyo iliyoupokea msaada wa Israeli, na serikali yao hiyo hiyo ndiyo iliyokata uhusiano na Israeli mwaka 1973, wakati wa vita vya Oktoba, kama nchi nyingi za Afrika zilivyofanya, kwa sababu majeshi ya Israeli yalikuwa yameishika ardhi ya Misri. Mwaka ule ule chama cha ukombozi cha Palestina kilifungua ofisi yake Dar es Salaam. Uhusiano na Israeli ulirudishwa mwaka 1995, na mwaka 2018 Tanzania ikafungua ubalozi wake Tel Aviv. Mtu aweza kuyasifu au kuyalaumu mambo hayo. Lakini yote yalikuwa shauri la haki na la nchi, wala hakuna raia aliyeambiwa amchukie jirani yake.

Tulimkuta dada yake Maalim amekaa kitandani, miguu yake imefunikwa kanga. Alitukaribisha kwa furaha, akaagiza tuletewe madafu. Aliposikia mazungumzo yetu ya njiani alisema, "Ninyi mwazungumza vitabu. Mimi niliusikia mlio." Akatueleza ya siku ya Ijumaa, tarehe 7 Agosti 1998, yapata saa nne na nusu asubuhi. Alikuwa akichambua mchele uani. Nchi ikatikisika, sahani zikaanguka rafuni, na njiwa wa jirani wakaruka wote pamoja. Alidhani ghala la silaha limelipuka. Baadaye wakaona moshi upande wa Oysterbay.

Alasiri tulipotoka kwake, Maalim alitaka kupaona mahali penyewe. Tukapita Makaburini, tukafika barabara ya Ali Hassan Mwinyi, tukavuka mpaka njia ya Laibon. Hapo ndipo ulipokuwa ubalozi wa Marekani siku ile. Na hapa pana jambo ambalo wengi hawalijui: jengo lile halikujengwa kwa ajili ya Wamarekani. Lilijengwa kwanza liwe ubalozi wa Israeli, na uhusiano ulipokatika likabaki bila wenyewe, hata Wamarekani wakaingia baadaye. Mwezi wa Februari 1998 wakuu wa al-Qaida walikuwa wametoa tangazo la vita juu ya Wayahudi na watu wa Msalaba, kama walivyowaita. Miezi sita baadaye vita hivyo vikafika Kinondoni katika lori lililojaa baruti.

Na ni nani waliokufa? Watu 11 walifariki hapa, na zaidi ya 80 waliumia. Hakuna Myahudi aliyetajwa kati yao, wala hakuna Mmarekani hata mmoja aliyekufa. Walikuwa Waafrika, na kati yao walinzi wa mlangoni, watu wa mshahara mdogo waliokuja kazini asubuhi kama sisi tuendavyo shambani. Gari la maji lililokuwa langoni lilizuia lori lisiingie ndani; kama sivyo wangalikufa wengi zaidi. Siku ile ile Nairobi walikufa watu zaidi ya 200. Na tarehe 28 Novemba 2002, huko Kikambala karibu na Mombasa, hoteli ya Waisraeli ilishambuliwa. Wakafa Waisraeli watatu, na Wakenya 10. Wazee walisema kweli, fahali wawili wakipigana ziumiazo ni nyasi.

Maalim alisimama pale kitambo, mkongojo mkononi, magari yakipita kwa kelele. Akasema, "Waliofanya hivi walisema wanafanya kwa ajili ya dini yangu. Hawakuniuliza." Nasi tukakumbuka ya kuwa siku tulipolinena neno letu la kijinga, hata sisi tulisema kwa ajili ya kanisa, wala kanisa halikutuuliza.

Tukaketi chini ya mti, tukanunua kahawa kwa muuza kahawa mwenye buli la shaba na vikombe vidogo. Kahawa ile ikatukumbusha habari njema, tukamsimulia. Kule Uganda, karibu na Mbale, wako Waafrika wafuatao dini ya Kiyahudi, waitwa Abayudaya. Mkuu wao wa kwanza alikuwa Semei Kakungulu, shujaa wa Kiganda aliyesoma Agano la Kale akaamua, mwaka 1919, kutahiriwa yeye na wanawe na kuishika Sabato. Katika siku za Idi Amin dini yao ilipigwa marufuku, na wengi wakaiacha kwa hofu. Waliobaki waliomba kwa siri mpaka Amin alipoanguka mwaka 1979. Majirani zao ni Waislamu na Wakristo, wote wakulima wa kahawa. Mmoja wao, J. J. Keki, alikuwa New York tarehe 11 Septemba 2001, akayaona kwa macho yake mauaji ya siku ile. Aliporudi kwao hakutafuta wa kulipiza kisasi. Mwaka 2004 aliwakusanya Wayahudi, Waislamu na Wakristo katika chama kimoja cha ushirika, wakauza kahawa yao pamoja kwa bei nzuri. Chama wakakiita Mirembe Kawomera, yaani, amani tamu.

Maalim akakinyanyua kikombe chake, akakitazama. "Basi kumbe yawezekana," akasema, "tena hapa hapa kwetu Afrika."

Lakini hatukutaka kumaliza kwa utamu tu. Tukamkumbusha vijana wawili wa Tanzania waliofika Israeli mwezi wa Septemba 2023 kujifunza kilimo. Hawakuwa askari, walikwenda kutafuta maarifa ya kulisha nyumba zao. Waliuawa katika shambulio la tarehe 7 Oktoba. Mwili wa mmoja ulirudishwa nyumbani mwezi uliofuata. Na siku ile tulipoketi chini ya mti, wa pili ulikuwa bado mikononi mwa waliouchukua. Wazazi wake walingoja mpaka Novemba 2025 ndipo ulipokabidhiwa. Maalim akasoma Fatiha kwa sauti ndogo, akasema, "Hii ni kwa ajili ya hao, na ya wale watoto wa Gaza waliofukiwa chini ya nyumba zao. Mama anayengoja mwili wa mwanawe hana bendera."

Neno hilo la kuzika ndilo lililotufungua macho. Tulirudi na daladala ya jioni, tumebanwa kama dagaa, nasi tukamweleza Maalim yale ambayo tulipasika kuyafundisha Jumamosi ile. Katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 25, imeandikwa habari ya kufa kwake Ibrahimu. Nao waliomzika walikuwa wawili, Isaka na Ishmaeli pamoja, katika pango la Makpela huko Hebroni. Ishmaeli aliyefukuzwa jangwani alirudi kumzika baba yake, wala Isaka hakumfungia mlango. Tulikuwa tumeisoma sura hiyo mara nyingi, na kila mara tuliipita upesi.

Na mji huo wa Hebroni, ambao Waarabu huuita Al-Khalil, yaani rafiki, kwa ajili ya Ibrahimu, umeyaona yote mawili. Mwaka 1929 Waarabu waliwaua Wayahudi 67 wa mji huo, na jamaa nyingine za Kiarabu ziliwaficha Wayahudi vyumbani mwao, zikawaokoa. Mwaka 1994 Myahudi mmoja aliingia msikitini, pale pale palipojengwa juu ya pango, mwezi wa Ramadhani, akawaua Waislamu 29 wakisali. Kaburi moja, baba mmoja, na damu ya pande zote mbili. Maalim alisema, "Walisahau waliomzika walikuwa wawili."

Huko Temeke sisi hatujasahau. Afapo mtu mtaani kwetu, Mwislamu au Mkristo, turubai lafungwa, daftari la rambirambi lazunguka nyumba zote, na wanaume wa dini zote mbili hushika jeneza kwa zamu. Mama yetu mzazi alipofariki, Maalim alikuwa wa kwanza kuleta mkeka, na vijana wake ndio waliochota maji. Hili si jambo dogo. Ndilo jambo lile lile walilolifanya wana wa Ibrahimu siku waliyokuwa na akili njema.

Tulipokaribia kushuka Maalim alituuliza, Je, Wayahudi huhesabuje? Tukamwambia machache tuliyofundishwa shuleni: sita kwao ni shesh, saba ni sheva, tisa ni tesha, nao husalimiana shalom. Akastaajabu kama mtoto. "Basi kila nihesabupo chenji ya daladala nataja maneno ya ukoo wao! Na jina la mji huu je?" Tukacheka wote wawili, maana mji wetu, ambao Sultani Majid wa Unguja aliuanzisha katika miaka ya 1860 na kuuita kwa Kiarabu makao ya salama, Myahudi naye angelifahamu jina lake pasipo mkalimani.

Jumamosi iliyofuata tulisimama mbele ya darasa lile lile, tukasema, "Mwalimu wenu aliwafundisha vibaya," tukasoma nao sura ya 25. Si rahisi mwalimu kusema hivyo, koo lilikauka. Lakini mtoto yule aliyelichukua neno la kwanza bombani alilichukua na la pili, likafika.

Basi, ndugu walimu, na ninyi wazazi, twawaomba mambo matatu. Kwanza, kabla hamjawasimulia watoto ugomvi wa mbali, someni vema, na mema ya pande zote yatajeni pamoja na mabaya. Pili, mtu asiwafanye muwe askari wa bendera ambayo wenyewe hawajui hata jina la mtaa wenu. Kuwalilia waliouawa ni wajibu; kuwachagua wa kuwalilia si haki. Tatu, chungeni ulimi mbele ya watoto, maana bomba la maji lina masikio.

Ramadhani iliyofuata, jioni ya siku ya kwanza, tulisikia mlango wa uani ukigongwa. Alikuwa mjukuu wa Maalim, amebeba sahani iliyofunikwa kawa. "Babu asema," akatuambia, "ya mwaka jana imo humo humo." Tukaifunua. Kaimati zilikuwa nyingi mno kwa nyumba moja, nasi tukawagawia na jirani wa upande wa magharibi.